Mahali na Mahari

Mchungaji wetu amenisihi niandike. Anasema ni kwa faida yenu, wainjilisti vijana na walimu wa kwaya, lakini sababu yake naijua. Tangu nistaafu, kila siku ya mazoezi najikuta Buzuruga, nimesimama nje ya dirisha la kanisa nasikiliza, na sauti ya tatu wakiteleza nagonga nondo. Mwalimu wa kwaya wa sasa ni kijana mpole, hawezi kumwambia mama wa umri wangu arudi nyumbani. Basi wamenipa kalamu. Kwa ndimi za watu wa ziwa hili ungeweza kusikia kwamba wamenipa karamu, na habari yangu yote imo hapo hapo, kati ya herufi hizo mbili.

Sitaandika juu ya vyeo. Nilianza mwinjilisti nikamaliza mwinjilisti, na mshahara wa mwinjilisti hauna simulizi ndefu. Kukaa kitako sijui. Kurasa hizi naziandika nikiinuka kila mara, mara chai, mara kuku wa jirani, mara naenda mlangoni kutazama kitu ambacho hakipo. Mkikuta sentensi imekatika, mjue nilisimama.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mtaa mdogo wa kanisa ng'ambo ya pili, upande wa Sengerema, kijiji cha ufukweni. Mimi ni Mhaya, binti wa mwalimu wa shule, na nilivuka kwa kivuko cha Kamanga na begi moja, gitaa la kuazima, na Kiswahili changu cha shule ambacho nilijivunia kuliko begi na gitaa. Mtanitania, najua. Wasukuma walishanitania vya kutosha, wakamaliza.

Kanisa lenyewe lilikuwa nguzo na mabati, na ukuta upande mmoja tu, ule wa madhabahu. Jumapili ya kwanza nilihubiri kwa ufasaha mkubwa. Mama mmoja alisinzia. Mzee mmoja aliondoka kwenda kutazama ng'ombe wake na hakurudi. Halafu wakasimama kuimba, na watu wale wale wakawa wengine kabisa. Yule mama aliyesinzia ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na waliokuwa wanapita njiani na ndoo zao wakaingia na ndoo zao. Mimi nimesimama pembeni na mahubiri yangu mkononi.

Baada ya ibada nilimkuta Mchungaji Mabula nje akipiga pampu baiskeli yake. Huyu ndiye aliyenilea katika kazi. Alikuwa Msukuma mnene mwenye sauti nyembamba, akihudumia mitaa yote ya upande ule kwa baiskeli hiyo hiyo, na sikuwahi kumwona ana haraka.

"Mwalimu Koku, umehubiri vizuri sana," akaniambia.

"Asante, baba mchungaji."

"Jumatano umuulize mtu yeyote hapa ulisema nini." Akapiga pampu kidogo. "Halafu umuulize wimbo wa kwanza ulikuwa upi. Wengi hawa hawasomi, mwanangu. Wanachoimba ndiyo Biblia yao. Ukiwafundisha wimbo wenye makosa, umewapa Biblia yenye makosa."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Sikulala vizuri wiki nzima. Tangu siku hiyo nikawa mkali wa maneno ya nyimbo kuliko sauti zenyewe. Nilikuwa na ubao na chaki, naandika beti upande mmoja na nota upande wa pili, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo kabla hatujasoma Maandiko ulikotoka wimbo. Walimu wa kwaya, hili lishikeni hata mkisahau mengine yote. Siku hizi mnaanza na kinanda, mnamalizia na sare, na maneno mnayatafuta mkiwa njiani.

Chombo changu kingine kilikuwa kioo kidogo cha mkono, kile cha wanawake cha kujitazama. Nilimpa mwimbaji, nikamwambia aseme *lala*, halafu aseme *rara*, atazame ulimi wake. Kwenye L ulimi unagusa juu na kutulia. Kwenye R unatetemeka. Wakerewe, Wajita, Wasukuma, kila mmoja na shida yake, na wote nimewasimamia mbele ya kioo kile. Mchungaji Mabula aliwahi kuniuliza kama Wahaya nao wanatumia kioo, nikamjibu kwamba mimi nilipimwa shuleni.

Mwimbishaji wangu alikuwa Mama Bahati, mwanamke wa Ukerewe aliyeolewa pale kijijini, muuza maandazi. Sauti yake sijaipata tena popote. Akianza wimbo, hata wanaobishana bei wananyamaza. Lakini ulimi wake haukuwa na habari na kioo.

Nilitunga wimbo kutoka Injili ya Yohana, pale Yesu anapowaambia rafiki zake wasihangaike mioyoni, kwamba anatangulia nyumbani mwa Baba yake kwenda kuwaandalia mahali. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuhangaika, ndiyo maana niliipenda sehemu ile. Kiitikio kilikuwa chepesi: *Ametangulia kuniandalia mahali.* Mazoezini, kioo mkononi, Mama Bahati alisema *mahali* safi kabisa. Jumapili, akishafumba macho na roho ikishampanda, likatoka *mahari*.

"Mama Bahati," nikamwambia mbele ya kwaya, "Yesu hakwenda kutafuta ng'ombe."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Naye akacheka. "Masikio yangu yanasikia sawa, Mwalimu. Ni mdomo una njia yake."

Tulikuwa na desturi ya kwenda kuimba mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki. Hatukuhubiri sana. Jenereta, spika mbili, tunaimba, tunasoma Neno fupi, tunaimba tena. Siku hiyo tuliimba wimbo wangu, na wanawake wa dagaa walikuwa wanageuza dagaa zao juani pale karibu. Mama Bahati akafumba macho. Nikajua limekwisha. *Ametangulia kuniandalia mahari*, mara tatu, mara nne, spika zinapeleka mpaka majini, na mimi nimesimama nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Jumapili iliyofuata, kwenye benchi la mwisho, alikaa mwanamke ambaye sikumjua. Alikuwa mkubwa kwangu, na alitembea akivuta mguu mmoja. Baada ya ibada akanifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi si mama. Niite waya, watoto wa mdogo wangu wananiita hivyo." Waya kwa Kijaluo ni shangazi. Jina lake lilikuwa Adhiambo, na baba yake alihamia ufukwe ule zamani akitokea Mara. "Nimekuja kwa ajili ya huyo aliyekwenda kuniandalia mahari. Nataka kubatizwa."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona hapana.

Akanieleza akiwa amesimama hivyo hivyo, bila aibu. Mguu ulimharibika utotoni. Wadogo zake walichumbiwa, ng'ombe wakaja, wakaondoka. Kwake hakuja mtu. Alimlea mdogo wake wa kiume, Ouma, fundi wa mitumbwi, na sasa aliishi kwa Ouma, ndani ya boma la baba yao. Hakudharauliwa, alikula vizuri. Ila kwao binti aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Anazikwa nje ya uzio wa minyaa, upande wa kichakani. Mahali hapo alikuwa anapapita kila siku akienda ziwani.

"Kila siku napita kaburi langu, Mwalimu," akasema. "Halafu nikasikia ule wimbo. Nikasema, kumbe yupo aliyenitolea."

Sasa nyie niambieni mngefanya nini. Mimi nilimwambia karibu, mafundisho ya ubatizo ni Alhamisi, nikaenda nyuma ya kanisa nikatembea huku na huku mpaka nikachimba njia. Roho ya mtu ilikuwa imeshikilia neno moja, na neno lenyewe halikuwemo. Nikinyamaza, nitambatiza katika kosa la matamshi. Nikisema, namnyang'anya kitu pekee alichowahi kupewa. Alhamisi ikafika, nikafundisha uumbaji. Alhamisi nyingine nikafundisha uumbaji tena.

Mchungaji Mabula alipopita na baiskeli nilimweleza, nikitumaini ataniambia neno ni neno tu, Mungu anaangalia moyo.

"Umwambie," akasema. "Kama tunaamini lililoandikwa linatosha, tumpe lililoandikwa. Lakini usimwambie umesimama, Koku. Wewe unasimama kila mahali. Ukae chini, mpaka yeye ainuke."

Nikamfuata mwaloni. Nikakaa juu ya kreti lililopinduliwa, katikati ya nyavu za dagaa na nzi wake. Nikamfungulia Yohana, nikamsomea, nikamweleza kosa la matamshi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mahari."

"Hakuna, waya. Kuna mahali."

Akainuka, akaendelea kugeuza dagaa. Nilibaki pale nimekaa, nikimtazama. Alhamisi hakuja, Jumapili hakuja, na Jumapili iliyofuata pia. Mama Bahati aliposikia, alikataa kuimbisha. "Ulimi wangu umemwumiza mtu," akasema, akaenda kukaa mwisho wa sauti ya pili. Nikapoteza mshiriki na mwimbishaji kwa neno moja. Nilikasirika, siwafichi. Nilimkasirikia Mama Bahati, nikamkasirikia Mchungaji Mabula na pampu yake, na kwenye sala nilimuuliza Mungu maswali ambayo mwinjilisti hafundishwi chuoni.

Kisha jioni moja waya Adhiambo akaja hadi mlangoni kwangu. Hakusalimia. "Soma tena," akasema. "Leo imeandikwaje?"

Nikasoma. Imeandikwa mahali.

Kesho yake akaja tena. Baadaye nikasikia kwamba amemsimamisha mwalimu wa shule ya msingi njiani amsomee; amemshikia kitabu mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Mwanza ambaye hata kanisani haendi, asome; na kila jioni anamsumbua Ouma, mdogo wake, amsomee hapo hapo. Alitaka kujua kama kitabu kinabadilika akibadilika msomaji. Mwishowe akaja, na safari hii akakaa.

"Wote wamesoma mahali," akasema. "Hata yule mchuuzi, na yeye hana sababu ya kunipendeza. Wimbo ulinipa nilichokitaka. Hiki kitabu hakikunipa, kimekaa pale pale. Basi hicho naweza kukiegemea." Akanyoosha mguu wake. "Sasa niambie. Hapo mahali, ni ndani ya uzio au nje?"

Nilikuwa nimehubiri sehemu ile mara nyingi, nimeitungia na wimbo, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nikarudi juu kidogo, nikamsomea kuhusu nyumba ya Baba, yenye nafasi kwa wengi.

"Nyumbani mwa baba?"

"Nyumbani mwa Baba, waya."

"Binti akae nyumbani mwa baba, asitolewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaniomba nisome tena. Akalia, nami nikalia, na baada ya hapo akauliza kama nina chai. Alibatizwa Pasaka. Tulipotoka majini alikwenda moja kwa moja kwa Mama Bahati, akamshika mkono akamrudisha mbele ya kwaya. "Wewe ndiye uliyeniita," akamwambia. "Ungeimba sawasawa nisingegeuka." Mama Bahati akarudi kuimbisha, na mimi nikarudi na kioo changu.

Nilihamishiwa Misungwi, baadaye Buzuruga, na huko kote nilikuwa na kazi zangu na kesi zangu, ila nyingi zinafanana na mlizonazo sasa: mwenyekiti wa kwaya aliyegombana na mhazini, kijana aliyetaka kuweka ngoma ya klabu kwenye zaburi. Siku naondoka ng'ambo, kioo nilimwachia Mama Bahati, nikamwagiza asiache mazoezi. Mchungaji Mabula alikuwa ameshalala, Mungu amrehemu.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, binti wa Ouma akanipigia simu. Waya amefariki, na aliacha neno kwamba ibada niendeshe mimi. Nilipita Misungwi na kuvuka kwa daraja jipya. Zamani kwenye kivuko nilikuwa natembea sitaha nzima mpaka wenye mbuzi wanalalamika; sasa gari likapita juu ya maji bila kusimama, nikakosa hata pa kuhangaikia.

Kaburi nililiona kabla sijashuka. Lilikuwa limechimbwa tayari, nje ya minyaa, upande wa kichakani.

Ouma alikuwa amekaa kando ya turubai, nywele nyeupe, macho mekundu. Nikamwamkia.

"Mzee Ouma, nimeliona kaburi."

"Umeliona."

"Liko nje."

"Liko nje, Mwalimu. Utaratibu huu sikuutunga mimi, nimeukuta. Nina mabinti, nina wajukuu wa kike. Wazee wa ukoo wamesema nikimlaza ndani, nafunga milango ya ndoa ya hawa wengine. Unataka nibishane na wazee msibani?"

Nilikuja na maneno mengi. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Miguu ilitaka kutembea na mdomo ulitaka kuanza, na hapo nikamkumbuka Mchungaji Mabula. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa.

"Alinibeba mgongoni na mguu ule mbovu," Ouma akasema. "Usidhani simpendi." Tukakaa hivyo mpaka tulipoitwa.

Ibada ilifanyika uani. Kwaya ya mtaa ilikuja, wengi ni watoto wa wanakwaya wangu, na Mama Bahati, bibi sasa, akasimama mbele. Akaanza wimbo wangu. Sauti imezeeka, lakini watu walinyamaza vile vile. Akafumba macho, nami nikakunja vidole vya miguu kama zamani. *Ametangulia kuniandalia mahali.* Safi. L imegusa juu ikatulia. Akarudia, safi tena. Nusura nipige makofi msibani.

Zamu yangu ya kusoma ikafika. Sehemu ile naijua kwa moyo, kwa hiyo sikuangalia kitabu. Niliinua macho, nikaona jeneza, na nyuma yake, kwenye upenyo wa minyaa, nikaona lile rundo la udongo mbichi. Na mimi, binti wa mwalimu, niliyewasimamisha watu mbele ya kioo maisha yangu yote, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba Bwana alikwenda kutuandalia mahari.

Uani kukapita mnong'ono. Mzee wa ukoo aliyekaa mbele akainua fimbo yake. "Mwalimu, umesema mahari?"

Kabla sijajibu, Ouma alikuwa ameshainuka. "Amesema mahari. Wote mmesikia." Akawageukia wazee, na uso wake ulikuwa na uhai ambao haukuwepo asubuhi. "Kama yupo aliyemtolea mahari, basi huyu si mwali tena. Ni mke wa mtu. Na mke wa mtu hazikwi kichakani."

Yule mzee akashusha fimbo, akawaza. Akanong'ona na mwenzake. "Hilo," akasema, "linaweza kuzungumzika. Kama kanisa linathibitisha."

Wote wakanitazama. Nilitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Nawaambia nyie mnaonifuata katika kazi hii, katika miaka yangu yote sijawahi kutamani kosa kama nilivyolitamani lile. Kaburi lingehamishwa, Ouma angepona, wazee wangekula ubwabwa wao kwa amani, na hakuna mtu duniani angedhurika. Lakini marehemu mwenyewe alikuwa amelala pale mbele yangu, na yeye ndiye aliyewaomba mwalimu wa shule na mchuuzi wa samaki wamsomee, kwa kuogopa kwamba mtu atamsomea anachotaka kusikia.

"Nimekosea," nikasema. "Ulimi umeteleza. Haikuandikwa mahari. Imeandikwa mahali."

"Basi yamekwisha," mzee akasema, akaegemea fimbo.

Ouma alinitazama kwa hasira ambayo bado naiona. "Kwa nini, Mwalimu? Ulikuwa umeshasema."

Nikamnyooshea Biblia. "Soma mwenyewe, mzee wangu. Dada yako alikuwa anataka isomwe."

Hakuipokea. Akaanza kuisema, bila kitabu, tangu pale wanafunzi wanapoambiwa wasihangaike. Alikuwa ameisoma kila jioni kwa miaka yote hiyo, kwa sababu dada yake hakumpa nafasi ya kulala kabla hajaisoma. Alikuwa anaisema haraka na kwa uchungu, kama mtu anayemaliza kazi. Akafika nyumba ya Baba, akasimama.

Akairudia kwa Kijaluo, polepole. Akageuka akatazama nyumba ya zamani ya baba yao, ile yenye bati lililopinda, na kaburi la baba yao pembeni yake.

"Nimesoma kila siku," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Nilidhani ananiomba nisome habari za mbinguni."

Akawaendea vijana waliokuwa wamekaa na majembe yao. "Chimbeni ndani. Pale, karibu na baba."

"Ouma," mzee akaita. "Hili utalijibu."

"Nitalijibu."

Tulingoja mpaka jua likapoa, wanachimba, kwaya inaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, na watu waliokuja kwa ajili ya wali wakabaki kwa ajili ya kuona. Lile shimo la nje hawakulifukia tupu, maana kwao kaburi likishachimbwa lazima lizikwe kitu. Waliweka mgomba, wakaufukia ule. Baadhi ya wazee waliondoka bila kula. Wapo ambao mpaka leo hawamsalimii Ouma, na nasikia kuna posa ya mjukuu wake iliyorudi nyuma. Nikilala nalikumbuka hilo. Mkitaka kustaafu na moyo mweupe, sijui nyie mtafute kazi gani, lakini si hii.

Jambo jingine linalonisumbua ni ule ulimi. Kuna siku naamini ni Uhaya tu ulionitoka baada ya kuufungia miaka mingi. Kuna siku nadhani moyo ulitaka kumtolea waya mahari yake, hata kwa dakika moja, mbele za watu. Nimemuuliza Mungu. Hajanijibu.

Baada ya mazishi nilikuwa nazungukazunguka uani, sina kazi, nakunja maturubai ambayo si yangu. Mama Bahati akanifuata. Akavuta viti viwili, akaniambia nikae, nikakaa. Akapekua mkoba wake chini ya leso na maandazi, akatoa kile kioo changu, ukingo umechakaa, akanikabidhi mkononi.

"Mwalimu," akasema, hacheki hata kidogo. "Sema *lala*."

Nikasema.

"Sasa sema ile yenyewe."

Nikatazama ulimi wangu wa kizee ukipanda, ukagusa juu, ukatulia. Mahali, nikasema. Akaniambia nirudie, nikarudia, nikiwa nimekaa, mpaka machozi yakaziba kioo nikashindwa kuona kitu.